Mnyororo wa mlango umefunga kwenye bamba la bunduki

Umefunga. Ni mnyororo wa nakshi ya milango ya Unguja, uliochongwa kuzunguka ukingo wa bamba la chuma: pete 82, ya mwisho imekutana na ya kwanza bila kusukumana, na ukilizungusha bamba chini ya taa jicho halikwami popote. Hata kwenye mkia. Mkia ndio uliokula ncha za kalamu na subira, kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu hii ni ya mkia.

Kwa anayeingilia katikati: kazi ni jozi ya mabamba ya pembeni ya bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ile aina ambayo mtambo wa kufyatulia umeshikizwa nyuma ya bamba. Haya ni mabamba ya mazoezi, chuma laini cha unene wa milimita 3 kilichokatwa kwa umbo kamili. Bunduki haipo mezani wala haihitajiki. Urefu 110 mm, upana mkubwa 28, pua ya mbele pana, halafu bamba linapungua kwenda nyuma hadi kwenye mkia uliofungwa kwa nusu duara. Na hapa kalamu ni ile ya kukatia chuma, ya wino tuwaachie makarani.

Nakshi za bunduki za thamani zina mazoea yake. Watengeneza bunduki Purdey wa London wanajulikana kwa vishada vya mawaridi na mizunguko myembamba; Holland & Holland kwenye bunduki yao iitwayo Royal huweka mizunguko mikubwa zaidi. Ferlach ya Austria na Suhl ya Ujerumani huchimba majani ya mwaloni na wanyama wa milimani kwa kina kirefu. Brescia ya Italia hujenga picha nzima kwa vidoto ambavyo bila lenzi huvioni, na wakati mwingine picha yenyewe ni miungu ya kike ya Kigiriki isiyo na nguo. Walioiacha njia hiyo wapo pia: Westley Richards ya Birmingham waliunda India Rifle, mapambo yake yakachukuliwa Bara Hindi, si kwenye vichaka vya Kiingereza. Basi na mlango wa Unguja una haki yake. Unakupa ukingo wa mnyororo, ua la yungiyungi, samaki wa chini ya mwimo, na ile misumari mikubwa ya shaba ambayo inageuka vichwa vya skrubu bila kuombwa.

Tabu ni mnyororo.

Kwenye mbao pete ni kubwa na imechimbwa vya kutosha kubeba kivuli. Mtu anaiona akiwa ng'ambo ya kichochoro. Kwenye bamba kina cha mkato ni kama 0.1 mm. Kivuli hakuna. Kinachoifanya pete ionekane pete ni mwanga unaogonga ukuta wa mkato, na mwanga huo unafichua kila kosa la nafasi. Halafu kwenye mlango wa mstatili mnyororo unapanda mwimo ukiwa umenyooka, unakutana na pembe mraba, basi. Hauna nusu duara ya kuzunguka. Kwa hiyo kuipiga picha nakshi ya mlango na kuipunguza kwenye kompyuta hakusaidii kitu. Kipimo cha mbao kinaishia mlangoni. Kwenye bamba unaanza hesabu upya.

Hesabu ya kwanza ni ya idadi. Mnyororo wa kweli unapokezana: pete moja inaonyesha uso, inayofuata inaonyesha ubavu. Maana yake jumla lazima igawanyike kwa mbili, la sivyo mwanzo na mwisho zitakutana pete mbili za aina moja na mnyororo utaonekana umeungwa kwa waya. Mstari wa kati wa ukingo kwenye bamba hili una mzunguko wa 231 mm. Pete za 3 mm zinatoa 77. Witiri. Ukizifanya 78, kila pete inakuwa 2.96 na mzunguko unafunga, na wengi wanaishia hapo wakifurahi. Pima mstari wa kati, usipime ukingo wa bamba. Tofauti ya mizunguko hiyo miwili inazidi urefu wa pete tatu.

Hesabu ya pili ndiyo ya mkia. Pale nusu kipenyo cha mstari wa kati ni 5 mm tu. Ukanda wa mnyororo una upana wa 2.4, kwa hiyo upande wa nje unapita kwenye nusu kipenyo cha 6.2 na wa ndani kwenye 3.8. Gawanya: nje ni ndefu kuliko ndani mara 1.63. Pete ya uso inayopita hapo inapanuka nje na kubanwa ndani, inageuka kabari. Pete za ubavu ndiyo balaa zaidi, maana nyembamba vile zinaonekana zimelala. Ukitazama bamba zima, mwili wa mnyororo unapendeza na mkia umejaa meno.

Njia rahisi ni kuuficha mkia: weka ua pale, mnyororo uishie kila upande wa ua. Inafanya kazi, na kwa mteja mwenye haraka ni jibu halali kabisa. Lakini mnyororo uliokatika kwa ajili ya ua umeshakuwa utepe.

Kilichokubali ni kuupunguza mnyororo wote kwa pamoja, urefu wa pete na upana wa ukanda, kabla haujafika kwenye mpindo. Kwenye mkia ukanda umeshuka hadi 1.8, na nje kwa ndani ikawa mara 1.44. Bado si sawa kwa sawa, ila kwa pete fupi jicho linasamehe. Nusu duara ya mkia ina 15.7 mm, ikigawanywa kwa pete 7, kila moja ni 2.24. Sasa huwezi kuruka kutoka 2.94 hadi 2.24 kwa mara moja, hatua hiyo inaonekana hata bila lenzi. Kwa hiyo kuna pete 8 za kushukia kila upande, kila moja fupi kuliko iliyotangulia kwa takriban 0.08 mm. Hizo 16 zinakula kama 41.5 mm. Zinabaki 173.8 za mwili na pua: pete 59 za 2.94 na kidogo. Jumla 7, 16 na 59 ni 82. Shufwa. Na kwa kuwa 7 ni witiri, pete moja inakaa katikati kabisa ya mkia, uso ukitazama nje, na ukihesabu 41 kutoka hapo unaangukia pete ya ubavu katikati ya pua. Juu na chini ya bamba zinalingana zenyewe. Ukianza na 8 mkiani, katikati panakuwa na mwungano wa pete mbili za aina tofauti, na juu na chini hazitalingana hata ufanyeje.

Kuhamisha mchoro: bikari inatosha kwa mwili, lakini kwa pete za kushukia bikari inakusanya makosa, 0.02 hapa na 0.02 pale, mwisho wake umepoteza nusu ya pete. Chora kwenye kompyuta, chapa kwa printa ya leza kwenye plastiki ya uwazi ukiwa umepindua kushoto kulia, paka bamba laka nyembamba mno, na laka ikibaki inanata kidogo laza plastiki, usugue kwa mgongo wa kijiko. Wino unahamia kwenye laka. Printa nyingi zinanyoosha au kufupisha ukurasa kidogo upande wa karatasi inakopita, basi chapa kwanza mstari wa 100 mm na uupime kwa venia, kile kipimo cha taya, kisha rekebisha. Uso wa bamba uishie msasa namba 600, ukivutwa upande mmoja. Ukilifanya kioo kwa kazi ya mnyororo, mng'ao unaumiza macho na huoni unachokata.

Ukataji nao una kesi mbili, zote zinatokea ndani ya pete ileile.

Ya kwanza ni kisigino cha kalamu, ule mnoleo mdogo chini ya ncha. Kalamu ya V ya nyuzi 120, uso nyuzi 50, kisigino nyuzi 18: hapo wengi tunakubaliana. Ubishi uko kwenye urefu wa kisigino. Ncha ya pete ya uso ina mpindo wa nusu kipenyo cha 0.9 mm. Kisigino cha 0.8 mm kwenye mpindo huo kinatoka nje ya mstari kwa karibu 0.09 mm, yaani robo ya upana wa mkato wa 0.35. Kinausugua ukuta wa nje, unabaki na ukingo uliochubuka unaong'aa vibaya, na pete inaonekana nene upande mmoja. Watu huilaumu mikono yao. Punguza kisigino hadi 0.25 mm na kinatoka kwa chini ya 0.01. Kisha king'arishe kwenye bamba la shaba lenye unga wa almasi, maana kila mkwaruzo wa kisigino unachapwa chini ya mkato. Kisigino kifupi kina bei yake: kwenye mistari mirefu kalamu inazama au inapanda kwa urahisi. Ndiyo maana kalamu ya mistari ya ukingo ni nyingine, yenye kisigino kirefu, na hizo mbili hazibadilishani kazi.

Ya pili ni ncha kuvunjika kwenye makutano. Pete ya uso inapoingia chini ya pete ya ubavu, mstari lazima ukome ghafla, kwa ukuta. Mazoea ni kufika pale na kuibinua kalamu juu ili kinyoleo, kile kipande cha chuma kinachonyolewa, kikatike. Ncha iko ndani ya chuma kwa 0.1 mm, unaibinua, na kabaidi, ile maada ngumu ya ncha, haipendi kuvutwa, inapenda kusukumwa. Inakatika, kipande kinabaki ndani, na ukirudi na kalamu mpya unakikanyaga kipande na kuvunja nyingine. Dawa ni mpangilio. Kata kwanza kuta zote za pete ya ubavu. Halafu geuza bamba na uikate pete ya uso kwa kuanzia nje kuja kwenye ukuta uliokwisha kukatwa: kinyoleo kinaangukia kwenye mkato ule na kutoka chenyewe, kalamu inapita bila kubinuliwa. Ina maana ya kugeuza jiliwa mara nyingi kwa kila pete, na inachosha. Ila tangu mpangilio huo ushike, ncha zimeacha kukatika kwenye makutano. Kipande kilichokwama kitolewe kwa ncha ya sindano ngumu chini ya hadubini, usijaribu kukiruka.

Chuma chenyewe: msije mkatumia kipande cha nondo kilichofuliwa bapa. Kina vipele vigumu ndani, kalamu inakwenda vizuri halafu inagonga jiwe. Bati nene lililopitishwa roli likiwa baridi ndilo lenye tabia moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ngozi nyeusi ya lile la moto iondolewe yote kwa tupa kabla ya msasa.

Kuhusu kalamu za upepo. Zinasifiwa kupita kiasi na zinatukanwa kupita kiasi. Kwa mnyororo huu, wenye mikato mifupi ya kina kimoja, kalamu ya upepo inasaidia kweli; mkono unaongoza tu. Lakini kompresa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, kuta nene na majirani juu na chini, ni ugomvi wa jioni. Nyundo ndogo na tindo inafanya kazi hiyo kwa mdundo wake, na mafundi wa Kiingereza walijaza mabamba kwa nyundo miaka mingi kabla ya kompresa. Kwa vidoto vya Kiitalia zote mbili ziwekwe kando, mkono mtupu tu. Hadubini, hapo sina mjadala: mara 10 inatosha kwa pete, na taa iwe moja kutoka ubavuni. Taa ya duara inayozunguka lenzi inaua vivuli vyote na unafanya kazi kipofu.

Hewa yetu ya chumvi nayo ina neno. Bamba lililosuguliwa likilala wazi usiku mmoja wa masika, asubuhi lina alama za vidole za rangi ya chai. Futa kila unapoacha, paka mafuta mepesi ya cherehani, funga kwenye mkebe. Kuna wanaosema mafuta ya karafuu yanatosha, na kwa Mpemba hilo linavutia, maana mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanatengenezwa palepale Wawi. Wajapani kweli huyatia kwenye mafuta ya panga zao, lakini ni matone ndani ya mafuta mengine. Yakiwa matupu hayana kinga ya maana dhidi ya kutu, na yanalainisha plastiki: yakigusa mpini wa plastiki wa kalamu unaanza kunata. Matone machache kwa ajili ya harufu, sawa.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa dhahabu. Vichwa vya skrubu vingekuwa misumari ya mlango, waya wa karati 24 ukipigwa kwenye duara zilizochimbwa, na katikati ya bamba yungiyungi. Imesimama. Yungiyungi limeondolewa kwenye mchoro na mahali pake ameingia popo.

Sababu ni umbo. Bamba ni refu na linapungua upande mmoja, na popo wa Pemba aliyekunjua mabawa ni mrefu na anapungua pande zote mbili. Ukimwinamisha kidogo, bawa moja linaingia mkiani lenyewe. Mabawa yake kwa uhai yanafika karibu mita 1.6. Mifupa ya vidole inatawanyika kutoka kiganjani na kujaza nafasi bila kuhitaji majani. Na kuna kejeli ambayo kwale na mbwa wa nakshi za Kiingereza hawana: bunduki ya marisau, pamoja na ukataji wa misitu, ndiyo iliyokaribia kummaliza popo huyu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache, na hakuna kisiwa kingine duniani wanakoishi. Vijiji vikaanza kuwalinda, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na miaka ya 2000 hesabu ikapanda hadi karibu 20,000. Kumweka kwenye bamba la bunduki ni kumwambia mwenye bunduki jambo, bila kuandika neno.

Rangi nayo imeamua. Manyoya yake ni mekundu ya kutu, mabawa meusi. Dhahabu hapo ni uongo, shaba nyekundu ndiyo yenyewe. Waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 una unene wa kama 1.4 mm na shaba yake ni safi. Uondoe ngozi, uuchome hadi uwe mwekundu, utumbukize majini. Unakuwa laini wa kufuata kila kona. Kifua na shingo vichimbwe kwa 0.3 mm, sakafu iinuliwe miba kwa kalamu bapa, kuta zikatwe kuingia chini, kisha shaba ipigwe kwa kipande cha shaba ya manjano, kutoka katikati kwenda kingoni. Ukianzia kingoni inavimba katikati na hewa inabaki chini. Baadaye msasa unafunua tundu. Onyo kwa wa pwani: shaba ikigusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa palepale kwenye mshono. Nta baada ya mafuta, kila mara. Na mwenye bamba linalokwenda kwenye bunduki ya kweli akumbuke kwamba nakshi hukatwa chuma kikiwa laini, ndipo lipikwe ndani ya makaa ya mifupa na kuzamishwa majini kulikaza uso. Shaba iliyopigwa kwa uvivu italegea kwenye maji hayo.

Bawa linasumbua. Kwenye kipande cha majaribio, mistari sambamba kati ya kidole na kidole ilitoa bati la paa. Ngozi ya bawa inavutwa na mifupa, kwa hiyo inabonyea katikati, na giza liko kwenye mbonyeo, si kando ya mfupa. Tatizo la mistari ni kwamba inageuka: taa ikiwa kushoto ni nyeusi, ikihamia kulia inang'aa na bawa linakuwa jeupe. Vidoto havina upande, kwa hiyo ngozi yote itakwenda kwa vidoto, vikisongamana kwenye mbonyeo na kutawanyika vinapokaribia mfupa, kisha wino mweusi wa kuchapia ufutwe juu yake. Eneo hilo peke yake litasuguliwa hadi msasa 2000, maana mikwaruzo ya 600 inameza vidoto. Manyoya ya shingo yabaki mistari, mifupi, ya urefu tofauti.

Mambo ambayo mwenye lenzi atayatafuta: ukucha kwenye kidole gumba na mwingine mdogo kwenye kidole cha pili, maana popo hawa wa matunda wanao wote wawili, masikio mafupi, pua ya mbwa, mkia hana. Picha nyingi za kuiga zinamwekea mkia.

Bamba la kulia halijaguswa. Mchoro wa mnyororo unapinduliwa tu na hesabu inabaki ileile, 7 mkiani na 59 mwilini. Popo hapinduliwi: akipinduliwa, yule wa kushoto na wa kulia wote wanaruka kuelekea mtutuni, na kwa bunduki hii inafaa mmoja awe anaondoka. Kwa hiyo wa kulia atachorwa upya, kichwa kikielekea mkiani, na hapo bawa pana ndilo linaloangukia upande mwembamba. Jaribio la kwanza kwenye karatasi linamkunja bawa hilo nusu, kiwiko kikigusa pete ya tatu ya kushukia, na skrubu ya nyuma inakaa juu ya kiganja kabisa. Skrubu hiyo haihamishiki, kwa hiyo kiganja ndicho kitakachohama.